Je, mninga unafaa kwa mihimili ya mabawa ya ndege?

Swali: Mhandisi, mimi ni fundi seremala mjini Tabora. Nimenunua ramani za Pietenpol Air Camper, ile ndege ya mbao ya watu wawili, nami nakusudia kuifunga injini ya Continental ya nguvu za farasi 65. Ramani zinataka sprusi, mbao nyepesi ya miti ya nchi za baridi, ambayo kuiagiza kutoka ng'ambo ni ghali mno, ilhali huku kwetu mninga mzuri haukosekani. Je, naweza kuutumia kwa mihimili ya mabawa, yaani boriti ndefu za ndani zinazobeba mzigo wa bawa, na je, gundi nyeupe ya kawaida itatosha?

Jibu: Ndugu fundi, kwa mihimili jibu ni hapana, na sababu yake si kwamba mninga ni mti dhaifu. Tatizo ni uzito. Mita moja ya ujazo ya sprusi kavu ina kilo 400 hadi 430, wakati ya mninga hufika 600 na zaidi, kwa hiyo mbao ambazo zingekuwa na uzito wa kilo 60 kwa sprusi zitakaribia kilo 90 ukifuata vipimo vilevile.

Pengine umewaza kupunguza unene ili uzito urudi palepale. Usifanye hivyo. Ukakamavu wa ubao hupungua upesi sana unapopunguzwa kimo: ukikipunguza kwa nusu, unabaki na sehemu moja tu kati ya nane. Ndiyo maana ubao mwepesi ulio mnene huushinda ule mzito ulio mwembamba, hasa upande wa juu wa mhimili, ambao hubanwa bawa linapoibeba ndege na unaweza kujikunja hata kabla mbao yenyewe haijafikia kikomo cha nguvu zake.

Mahali ulipo panaongeza ugumu. Bernard Pietenpol aliirusha ndege hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Minnesota, Marekani, kwenye ardhi iliyo chini kuliko yenu kwa mamia ya mita. Uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba, joto linapofika nyuzi 32, hewa yenu huwa nyepesi kama ile ya mita 2,100 katika hali sanifu, yaani hali ya hewa ya wastani ambayo wahandisi hupimia ndege. Injini yako ya farasi 65 itatoa takriban 51, na ndege italazimika kukimbia ardhini kwa kasi iliyozidi ile ya usawa wa bahari kwa asilimia 11 hivi kabla ya kuinuka. Ukiongeza kilo 30 za mninga juu ya hayo, basi abiria wako abaki nyumbani.

Mbadala ninaoukubali ni msonobari wa Douglas, ambao mwongozo wa ukarabati wa mamlaka ya anga ya Marekani (FAA) unauruhusu badala ya sprusi, ingawa nao ni mzito kidogo. Paini ya Sao Hill sikushauri kuitumia kwa mihimili, kwa kuwa miti ya mashambani hukua haraka na pete zake za ukuaji wa kila mwaka huwa pana, na kwa sprusi mwongozo huo hudai pete zisizopungua 6 kwa kila inchi. Nyuzi za mbao nazo zisikengeuke zaidi ya inchi 1 katika inchi 15, na unyevu uwe kati ya asilimia 8 na 12. Mninga wako utengenezee meza ya kuundia mabawa, maana ni mti usiosinyaa sana na meza haitapinda katikati ya kazi.

Gundi nyeupe iache kwenye makabati, kwani hulegea pole pole chini ya mzigo wa kudumu na haivumilii maji. Tumia epoksi ya ndege, na kila unapochanganya, gundisha vipande viwili vya majaribio kisha uvivunje: mbao ndiyo ipasuke, si mstari wa gundi. Kwa kuwa epoksi hulainika kwenye joto kali, paka mabawa rangi nyeupe.

Waandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla hujakata ubao wa kwanza, na usivike bawa lolote kitambaa kabla viungo vyake havijakaguliwa na kupigwa picha.