Printa ya ofisi inasema "Offline" na huku imewaka: iache draiva, tafuta anwani

Mkuu, kwa ulivyoeleza, printa yenu ya leza imechomekwa waya kwenye swichi, kioo chake kinaandika Ready, baadhi ya kompyuta zinaprinti bila shida na nyingine zinasema Offline. Ukiizima na kuiwasha mambo yanatulia kwa muda, kisha yanarudi yale yale. Draiva umeshaifuta na kuiweka upya hadi umechoka.

Hebu iache draiva ipumzike. Nimeshughulika na printa za maofisini miaka mingi, na dalili kama zako karibu kila mara zimenipeleka kwenye anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao. Draiva mbovu ina tabia zake: kazi inafika kwenye printa na kutoka na herufi za ajabu ajabu, au programu inagoma kabla hata kazi haijaondoka kwenye kompyuta. Haina desturi ya kupona kwa sababu tu printa imezimwa na kuwashwa.

Kinachowafanya watu waamini ni draiva ni kwamba ukiiweka upya, Windows inaitafuta printa mtandaoni na kuikuta kwenye anwani yake ya sasa. Kwa hiyo umerekebisha anwani bila kujua, sifa ikaenda kwa draiva. Anwani ikibadilika tena, mnarudi pale pale.

Anzia kwenye printa yenyewe. Chapa ile karatasi ya taarifa za mtandao: kwenye printa zenye kioo huwa iko ndani ya menyu ya Reports au Information, na jina lake ni Configuration Page, Network Report au kitu cha kufanana na hivyo. Zile ndogo zisizo na kioo, kwa kawaida unabonyeza kitufe kimoja na kukishikilia sekunde kadhaa hadi karatasi itoke. Humo tafuta IP Address, Subnet Mask, Default Gateway (anwani ya ruta), MAC Address (namba ya utambulisho ya chombo chenyewe), na pale panapoonyesha anwani imetoka wapi: DHCP (imegawiwa na ruta), Manual (imeandikwa kwa mkono) au Auto IP (printa imejipa).

Ukikuta anwani inaanza na 169.254, usihangaike na kompyuta hata moja. Hiyo ni anwani ambayo printa imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kuijibu. Tatizo liko kati yake na ruta: waya, tundu la swichi, au huduma ya DHCP imelala. Ukikuta 0.0.0.0, bado haina anwani kabisa. Hapo angalia nyuma ya printa kama taa za tundu la mtandao zinawaka, badilisha waya, hamia tundu jingine la swichi. Waya ambao kile kijino cha plastiki kimevunjika ni wa kutupa, hata kama "unashika ukiusukuma". Waya wa hivyo unakatika kila mtu akivuta trei ya karatasi.

Kwa kuwa kwenu wengine wanaprinti, nadhani utakuta anwani ya kawaida, tuseme 192.168.1.47. Ishike karatasi hiyo mkononi, nenda kwenye kompyuta inayosema Offline, fungua Printer properties, kichupo cha Ports, utazame mstari wenye tiki. Hiyo ndiyo poti, njia ambayo Windows inapitishia kazi kwenda kwenye printa. Linganisha tarakimu kwa tarakimu. Na hapa kuna mtego unaowapata hata mafundi: jina la poti si lazima liwe anwani ya poti. Windows huipa poti jina kutokana na anwani ya siku ile ilipotengenezwa, na mtu akija baadaye akabadilisha anwani kupitia Configure Port, jina linabaki lile la zamani. Kwa hiyo unaweza kuona poti inaitwa 192.168.1.34 ilhali ndani inaelekea 192.168.1.47, au kinyume chake. Bofya Configure Port usome kisanduku cha anwani chenyewe.

Zile kompyuta zinazoprinti, nenda nazo ukaangalie poti zao. Sitashangaa ukikuta zinaipata printa kwa jina au kwa poti ya WSD (ile ambayo Windows inaitafuta printa yenyewe bila kuandikiwa anwani), au ziliwekwa baada ya anwani kubadilika, na zile zinazogoma zimeng'ang'ania anwani ya zamani. Ukikuta hivyo, umeshapata jibu la kwa nini huyu anaprinti na yule hapana.

Sasa kwa nini anwani inahama? Ruta inagawa anwani kwa mkopo wa muda, haigawi ya kudumu. Umeme ukikatika na vyote vikarudi kwa pamoja, kuna ruta zinazosahau nani alikuwa na nini, zinaanza kugawa upya, na printa inaangukia namba nyingine. Dawa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye ruta na kuiwekea printa hifadhi ya anwani kwa kutumia MAC yake, ili iombe mara ngapi ipewe ile ile. Ya pili ni kuiandikia anwani ya kudumu kwenye menyu ya printa yenyewe. Mimi naipendelea ya kwanza, kwa sababu printa ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani bado itapewa namba ile ile. Ila mkibadilisha ruta, hifadhi hiyo inaondoka na ruta ya zamani, kwa hiyo anwani iandikwe kwenye kibandiko kwenye mwili wa printa.

Ukichagua ya pili, chonde chonde, namba iwe nje ya zile zinazogawiwa na ruta. Kama ruta inagawa kuanzia 100 hadi 200, mpe printa 20. Wengi wanachukua namba ambayo printa tayari inayo na kuifanya ya kudumu, wakidhani wamemaliza. Ruta haijui habari hiyo. Siku printa ikiwa imezimwa, namba ile ile inapewa simu ya mtu, kisha printa inawaka na vyombo viwili vinagombania anwani moja.

Na huo ugomvi wa anwani ndio ninaoushuku zaidi kwako, kwa sababu ya lile neno lako "mambo yanatulia kwa muda". Printa nyingi zikiwaka hutangaza mtandaoni kwamba anwani hii ni yangu, na kompyuta zinaandika hivyo kwenye kumbukumbu zao. Baadaye kile chombo kingine nacho kinajitokeza, baadhi ya kompyuta zinamwamini yeye, na hizo ndizo zinazoanza kusema Offline. Kulipima ni rahisi: zima printa kabisa kwenye swichi yake ya umeme, subiri kidogo, kisha kwenye kompyuta fungua Command Prompt uandike ping 192.168.1.47, amri ya kuuliza kama kuna chombo kwenye anwani hiyo. Ikijibu wakati printa imezimwa, umemkamata mwizi. Andika arp -a usome MAC iliyo mbele ya anwani hiyo, kisha uitafute kwenye orodha ya vyombo vilivyoungwa kwenye ruta.

Hapo kwenye ping pia soma kwa makini. Kama kompyuta yako ni 192.168.1.15 na jibu linasema "Reply from 192.168.1.15: Destination host unreachable", aliyejibu ni kompyuta yako mwenyewe, inakwambia haikumpata mtu. Lakini ukiangalia muhtasari wa chini utaona "Lost = 0 (0% loss)", kwa sababu Windows inahesabu majibu hayo kama majibu. Nimeona watu wakipiga picha ya ile 0% na kuituma kama ushahidi kwamba mtandao ni mzima. Jibu la kweli linatoka kwenye anwani ya printa na lina time na TTL.

Kitu kingine cha kulinganisha: andika ipconfig /all kwenye kompyuta inayoprinti na kwenye inayogoma, uweke mistari ya DHCP Server na Default Gateway sambamba. Ikitofautiana, mara nyingi kuna ruta ya pili. Mtu alitaka Wi-Fi ifike kwenye kona yake, akachomeka ruta aliyokuwa nayo, na sasa ofisi ina wagawaji wawili wa anwani. Ruta hiyo izimwe DHCP yake na iwekwe kama access point tu (kisambaza Wi-Fi kisichogawa anwani), waya uingie kwenye tundu la LAN, si la WAN. Hili huwa halitajwi na mtu hadi ulifuate kwa waya, meza kwa meza.

Tuseme sasa anwani ni sahihi, ping inajibu, na bado ni Offline. Jaribu hii kwenye PowerShell: Test-NetConnection 192.168.1.47 -Port 9100. Poti 9100 ndiyo printa nyingi za ofisi hupokelea kazi. TcpTestSucceeded ikiwa True, njia iko wazi na Offline hiyo ni maneno tu ya Windows. Msababishaji wa kawaida ni SNMP, lugha ya vyombo vya mtandao kuulizana hali: Windows inaiuliza printa hali yake kwa njia hiyo, printa isipojibu, au jina la siri la SNMP likiwa limebadilishwa kutoka public, Windows inaamua printa haipo. Rudi kwenye Configure Port uondoe tiki kwenye SNMP Status Enabled. Unaweza kupoteza taarifa za hali ya printa kwenye kompyuta hiyo, lakini kazi zitatoka. Tazama pia kwenye dirisha la foleni, menyu ya Printer, kama kuna aliyeweka tiki kwenye Use Printer Offline.

Foleni ikiwa imekwama na kazi hazifutiki, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika net stop spooler, futa yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, folda yenyewe iache, kisha net start spooler. Inafuta kazi zote zinazosubiri, za printa zote za kompyuta hiyo, kwa hiyo uliza kwanza.

Poti za WSD mimi sizipendi, na sifichi. Windows inazichagua yenyewe unapoongeza printa kwa kubofya tu, na zinafanya kazi hadi siku printa ilipochelewa kujibu wito wa kutafutwa, kisha zinabaki Offline bila sababu ya kueleweka. Kwenye kila kompyuta ya ofisi natengeneza Standard TCP/IP Port kwa mkono na kuandika anwani. Ni kazi ya dakika chache kwa kompyuta, na inapunguza simu za malalamiko.

Halafu kuna usingizi. Ikiwa printa inapotea baada ya kukaa kimya muda mrefu, na mtu akigusa kitufe chochote kwenye kioo kazi zote zinatoka kwa mkupuo, tatizo ni hali ya kulala. Ongeza muda wa kabla ya kulala au zima ile ya usingizi mzito. Kwenye baadhi ya printa na swichi, ule uokoaji wa umeme kwenye waya, 802.3az, ndio unaozigombanisha. Kama kipengele hicho kipo kwenye menyu ya printa, kizime ujaribu.

Wenye printa za Wi-Fi wanaosoma hapa: nyingi zinashika 2.4 GHz tu, na za zamani haziwezi kuingia kwenye mtandao uliowekwa WPA3 (ulinzi mpya wa Wi-Fi) pekee. Mtandao wa wageni nao mara nyingi umezuia vyombo kuonana, kwa hiyo kompyuta ikiwa huko na printa iko kwenye mtandao mkuu, hazitaonana kamwe. Na mwenye VPN ya kazini aizime kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine, kwani zipo zinazopeleka kila kitu kwenye njia yao, hata kazi ya printa iliyo mezani kwake.

Kama hizo kompyuta zinazogoma zinaprinti kupitia kompyuta ya mwenzao aliyeshea printa, hiyo ni habari nyingine. Baada ya udhaifu wa PrintNightmare, tundu la usalama kwenye huduma ya kuprinti ya Windows, mwaka 2021, Microsoft ilikaza kanuni za kushea, na masasisho ya Septemba mwaka huo ndiyo yaliyoleta lile kosa la 0x0000011b kwa watu wengi. Mtandaoni utakuta ushauri wa kubadilisha rejista ili ulinzi huo ulegee. Usiufuate. Printa yenu ina anwani yake, ziungeni kompyuta zote moja kwa moja na mwenzao huyo azime kompyuta yake akitaka.

Anza na jaribio la kuzima printa na kupiga ping. Ukimaliza, weka hapa jibu lake pamoja na mistari ya anwani kutoka kwenye ile karatasi, na ile ya DHCP Server kutoka kompyuta nzima na mbovu. Nenosiri la ruta usilipige picha.