Ukifundisha kurusha nzi, anza na kusimamisha fimbo

Msomaji mmoja anayeongoza wageni wavuvi pande za Naro Moru, na anayefundisha vijana kurusha nzi, yaani chambo bandia cha manyoya, ameniandikia: "Vijana wangu wanne wana nguvu na wana hamu, lakini hii ni wiki ya tatu na mshipi bado unawaangukia miguuni. Nikiwaambia waongeze nguvu, ndiyo mambo yanaharibika zaidi. Nakosea wapi?"

Ni hapo hapo kwenye nguvu, ndugu yangu. Kila mtoto aliyekulia huku amewahi kurusha jiwe, na aliyekulia pwani amezungusha mshipi wenye chubwi akauachia baharini. Kote huko kizito kinatangulia na uzi unafuata. Katika uvuvi wa nzi ni kinyume. Nzi mwenyewe ni manyoya na nyuzi kidogo zilizofungwa kwenye ndoana, nusu gramu hafikishi. Uzito uko kwenye mshipi: mita 9 za mwanzo za mshipi namba 5 (namba ndiyo kipimo cha uzito wa mshipi) zina gramu 9 hivi, zimetandazwa urefu wote huo. Unauvuta, fimbo inapinda, unasimamisha mkono ghafla, fimbo inanyooka, na mshipi unapita juu ya ncha na kufanya kitanzi kinachojikunjua mpaka mwisho. Mkono usiposimama, kitanzi hakipo, na nguvu yote inaishia kwenye majani.

Kabla hujawapa fimbo, wape kijiti cha nusu mita kilichochomekwa kiazi kidogo, kisikazwe sana. Waambie wakipeleke kiazi mpaka kwenye ukuta ulioko mita 10. Anayeanza kwa pupa, kiazi kitachomoka mapema na kwenda juu. Asiyesimama atakipata miguuni pake. Anayeanza polepole, akaongeza mwendo, akakata ghafla, kiazi kitakwenda mbele kimenyooka. Dakika tano za kiazi zinashinda saa nzima ya maelezo, na wewe mwenyewe utanyamaza, jambo ambalo walimu wengi tumeshindwa.

Sasa hili la saa. Vitabu vya Kiingereza vinafundisha fimbo kusimama kwenye kumi mbele na mbili nyuma, kama mshale wa saa ukimtazama mrushaji kutoka ubavuni. Nasikia watu wanalitafsiri hivyo hivyo: "simamisha saa kumi, kisha saa mbili." Hebu mwulize kijana wako mshale wa saa kumi jioni unaelekea wapi. Unaelekea kwenye namba 4, chini! Na wa saa mbili uko kwenye namba 8, chini vilevile. Umemwagiza apeleke fimbo kutoka kwenye majani ya nyuma hadi kwenye majani ya mbele, naye ametii, kisha unamgombeza. Ukitaka lazima kutumia saa, sema saa nne na saa nane. Mimi naona bora kuiacha kabisa, kwa sababu hata ikitajwa sawasawa haimfai kila mtu: mshipi mfupi unataka mwendo mfupi wa fimbo, mshipi mrefu unataka mwendo mpana zaidi. Mwambie tu fimbo ya nyuma iishie kana kwamba kuna mti umeota nyuma ya sikio lake.

Uwanja uwe wa nyasi, asubuhi kabla upepo haujaamka. Murram na lami zinakwangua ngozi ya mshipi, na mshipi uliokwanguka hautelezi kwenye pete za fimbo. Fimbo ya futi 9 namba 5 na mshipi namba 5, visipishane. Kama mshipi ni mchafu, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na kama umekaa mwaka mzima kwenye rili, gurudumu la kuuzungushia, umejikunja kama chemchemi ya kalamu, unyoosheni watu wawili kwa kuuvuta taratibu. Mwisho wa mshipi funga uzi mwembamba wa mita 2.7, na mahali pa ndoana funga kipande cha sufu nyekundu ya sentimita 2. Toa mshipi mita 7 nje ya ncha, usizidishe. Hapa ndipo mwalimu anapoharibu: anataka kuonyesha mita 25 ili vijana wamshangilie, nao wanajaribu mita 25. Kwenye vijito vya Mlima Kenya samaki wetu, trauti, wengi hushikwa mita zisizofika 10 kutoka kwa mvuvi.

Zoezi la kwanza si la juu ya kichwa. Mwanafunzi ailaze fimbo usawa wa kiuno, arushe mshipi kulia, asimame, auache ulale kwenye nyasi. Autazame umbo lake. Kisha kushoto, asimame, aulaze. Mshipi ukiwa chini hakuna haraka na hakuna cha kudondoka, na anakiona kitanzi chake kwa macho yake. Weka ndala mbili mahali ncha inapotakiwa kusimama. Kitanzi kikiwa chembamba mara kumi mfululizo, ainue fimbo kidogo kidogo mpaka iwe wima.

Juu ya kichwa ndipo makosa yanapofanana, na hapa ndipo pagumu kwa mwalimu. Mshipi wa nyuma umeanguka. Kwa nini? Huenda kifundo cha mkono kimefunguka na ncha ikachora upinde, kitanzi kikawa kipana kama mlango. Huenda alianza ncha ikiwa juu, mshipi umelegea mbele, nusu ya mwendo wake ikaishia kuondoa ulegevu huo. Huenda amengoja mno. Au mshipi uliotoka umezidi uwezo wake. Ukimwambia "subiri zaidi nyuma" na tatizo ni kifundo, mshipi utaanguka zaidi. Kwa hiyo usitazame sufu, tazama ncha ya fimbo, kisha mkono, kisha mahali alipoanzia. Kifundo kikiwa ndicho mkosaji, kata pete ya mpira wa ndani wa baiskeli, funga kitako cha fimbo na mkono pamoja, acha nafasi ya vidole viwili. Ulegevu ukiwa ndio mkosaji, kila mrusho uanze ncha ikigusa nyasi na mshipi umenyooka.

Kinyume chake, ukisikia mlio kama wa mjeledi, amerudi mbele mapema, na kwenye mto mlio huo ni nzi aliyekatika. Mwambie ageuze uso autazame mshipi ukinyooka nyuma. Na zile fundo ndogo kwenye uzi wa mwisho, ambazo kila mtu anausingizia upepo, kwa kawaida zinatoka kwa nguvu iliyomwagwa mwanzoni mwa mwendo: ncha inazama katikati, mguu wa juu wa kitanzi unashuka na kuukata wa chini. Kila fundo linaufanya uzi ukatike kwa samaki ambaye ungemleta mkononi.

Kosa moja kwa wakati. Ukitaja matatu atayabeba yote matatu. Na ukimfundisha mtu mzima, usimwambie "umekosea, mzee". Sema "fimbo imeshuka nyuma, mzee, tuijaribu juu kidogo," na uombe ruhusa kabla ya kumshika mkono. Mke au mume wako mpeleke kwa mwalimu mwingine, ugomvi wa nyasi mnaurudisha nyumbani. Somo lisizidi dakika 30, mkono uliochoka unajifunza makosa.

Mto wenyewe utawadai mrusho wa kubiringisha, ambao mshipi haurushwi nyuma, maana kingo za mito kama Gura na Chania ya Aberdare zimefunikwa na vichaka na nyuma hakuna nafasi. Huo ufundishe kwenye bwawa: unahitaji maji yaushike mshipi, na kwenye nyasi unateleza tu. Burura ncha taratibu mpaka mshipi uning'inie nyuma kidogo ya bega, simama kabisa, kisha piga mbele na ukate. Miwani na kofia kwa wote siku hiyo, na ile ncha ndogo ya ndoana inayomzuia samaki kuchomoka ikandamizwe kwa koleo.

Wapo wanaoniambia huu ni mchezo wa wazungu, eti kwa kuwa trauti waliletwa na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan mwaka 1905 akawatia Gura. Mahindi nayo yaliletwa.

Hao vijana wanne wape fimbo mbili, si nne. Wawili warushe, wawili wakae upande wa mkono usioshika fimbo, mita 6 kutoka kwa mwenzao, na kila mrusho waseme kwa sauti ncha imesimama wapi. Baada ya mirusho 20 wabadilishane.