Kuugua ukiwa kwenye muda wa matazamio: usisaini chochote kwanza

Juzi usiku niliingia kusoma ujumbe wa wasomaji nikakutana na mmoja ulioninyima usingizi. Dada mmoja ameajiriwa, hajamaliza muda wa matazamio, yaani kipindi cha kupimwa kabla ya kuthibitishwa kazini, na kifafa alichodhani kiliisha utotoni kimemrudia. Alianguka kazini mara moja tu. Haikupita wiki akaitwa ofisini na kuambiwa, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba ingekuwa vizuri aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi ili rekodi yake ibaki safi. Alipouliza haki zake, akajibiwa kwamba mtu wa matazamio hana haki. Ananiuliza kama ni kweli.

Si kweli. Nimemjibu faragha, lakini uongo huo umeshawatoa kazini watu wengi mno, kwa hiyo na hapa nitausemea kwa kirefu. Nina sababu ya kuusemea. Niliambiwa maneno hayo hayo, na leo kazi ninayo.

Ugonjwa wangu ni baridi yabisi. Si yale maumivu ya magoti ambayo kila mtu huyahusisha na uzee, bali ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili. Nilikuwa nimepata kazi ya uhasibu niliyoihangaikia muda mrefu, yenye matazamio ya miezi sita. Hata nusu ya muda huo haijafika, vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi vilikakamaa kiasi kwamba kufunga vifungo vya shati nilihitaji mtu wa kunisaidia. Ikifika saa nne hivi vinalegea, na kuanzia mchana nachapa kazi kama mtu mwingine yeyote. Wanaougua ugonjwa huu wanaujua mwendo wake: asubuhi ni ya maumivu, mchana unarudishiwa mikono yako.

Daktari alinianzishia dawa ya kutuliza kinga ya mwili, akanionya kwamba haifanyi kazi upesi, huchukua wiki nyingi, pengine miezi miwili au mitatu, kabla ya kuonyesha nguvu zake zote. Nilipopiga hesabu nikaona dawa itakolea wakati matazamio yanaisha. Kwa maneno mengine, mwajiri angenipima katika kipindi kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuishi, kisha aniandikie hukumu siku chache kabla sijapata nafuu.

Msimamizi wangu hakusubiri hata hiyo hukumu. Asubuhi moja niliyochelewa, mbele ya chumba kizima, alisema: "Mgeni hata kiti hajakipasha joto, ameshaanza kuumwa." Wenzangu wawili watatu wakacheka. Mengi ya kipindi kile nimeyasamehe. Hilo bado.

Aliyenisimamisha ni kaka yangu, ambaye amewahi kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwake. Nilitaka kwenda kumweleza meneja kwa mdomo, nimwombe anivumilie. Akanikatalia. "Mdogo wangu, ukienda kuomba huruma utapewa huruma, na huruma haina tarehe wala sahihi. Andika."

Niliandika ukurasa mmoja. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake, nikaeleza unanizuia nini na saa ngapi, na unaniacha huru saa ngapi. Halafu nikaomba mambo mahususi: nianze kazi saa nne asubuhi na kufidia jioni, na kazi za kuingiza takwimu nizifanye mchana. Niliambatanisha cheti cha daktari kinachosema hivyo hivyo. Majibu ya vipimo sikuyaweka, maana mwajiri anatakiwa kujua kinachohusu kazi, si damu yako ina nini. Nikatuma kwa baruapepe kwa msimamizi na kwa afisa rasilimali watu kwa pamoja.

Kimya. Kisha nikaletewa barua kwamba sikukidhi viwango na mkataba utasitishwa. Ombi langu halikutajwa hata kwa neno moja.

Nilijibu siku ile ile, kwa heshima na bila kupamba. Niliuliza viwango gani, niliambiwa lini kwamba sivifikii, nani aliniambia, na ombi langu la tarehe fulani lilijibiwa vipi. Hayo tu. Nikaitwa kwenye kikao, na humo afisa rasilimali watu aliisoma barua yangu ya kwanza kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Sitasahau jinsi uso wake ulivyobadilika alipofika kwenye tarehe. Barua ya kusitisha ikaondolewa, matazamio yakaongezwa kwa makubaliano yangu, na saa za kuanza kazi zikasogezwa. Nilithibitishwa kazini. Vitabu vya hesabu nilivyofunga mwaka ule vilipita kwenye ukaguzi bila hoja hata moja, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu mikono iliyovifunga ndiyo ile iliyochekwa.

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu ushauri usio na sheria nyuma yake hautakufikisha mbali ndani ya kikao kama kile.

Neno "huna haki" lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana linatisha. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Lakini mkataba huo huo unaziruhusu nchi kuwaweka kando walio kwenye matazamio, mradi muda wake umepangwa mapema na ni wa kiasi. Nchi nyingi zina mlango wa namna hiyo katika sheria zao. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mwenye chini ya miezi 6 kazini kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mkataba wa matazamio uvunjwe kwa notisi ya siku 7 tu. Mwajiri anayekwambia huna haki huwa ameishia kwenye ukurasa huo.

Ukurasa unaofuata hajaufungua. Sheria hiyo hiyo ya Tanzania inakataza ubaguzi kazini, na katika misingi inayoitaja umo ulemavu na umo VVU na Ukimwi. Katazo hilo halisubiri miezi 6. Linamlinda hata anayeomba kazi, sembuse aliyeajiriwa. Kanuni za utendaji bora za 2007 nazo zinamtaka mwajiri amweleze mtu wa matazamio mapungufu yanayoonekana, amsikilize na ampe muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Kenya nako sheria ya 2007 inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, na mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walitamka kwamba kumnyima mtu wa matazamio nafasi ya kusikilizwa kunapingana na Katiba. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda mwenye ulemavu tangu siku ya kwanza kazini, na kwa sheria hiyo saratani na VVU huhesabiwa kuwa ulemavu tangu siku vinapogunduliwa.

Kwa hiyo matazamio yanapunguza kinga ya aina moja, ile ya kuachishwa isivyo haki. Ya pili, ile ya kutobaguliwa, yanaiacha palepale ilipo. Ukiugua, mara nyingi utetezi wako uko kwenye hii ya pili.

Wengi huishia hapo wakisema, "Mimi si mlemavu, ni mgonjwa tu." Nilisema hivyo na mimi, na nilisema kwa sababu neno lenyewe liliniumiza. Lakini angalia jinsi Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unavyoliweka jambo hili. Unazungumzia madhaifu ya muda mrefu, ya mwili, ya akili au ya hisi, ambayo yakikutana na vikwazo humzuia mtu kushiriki sawa na wengine. Homa ya wiki moja haimo. Baridi yabisi isiyopona na ratiba isiyotaka kusogea hata kwa muda wa saa mbili, imo. Kifafa kimo. Maumivu ya mgongo ya miaka, sonona inayorudi rudi, sikoseli, hayo yote yanaweza kuwemo, kulingana na sheria ya nchi yako na uzito wa hali yako. Mkataba huo pia unasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, kama kusogezewa saa za kazi, yale yasiyomwelemea mwajiri kupita kiasi, ni ubaguzi.

Kesi ninayoipenda kuliko zote kwenye suala hili ilitokea Ubelgiji. Mtu mmoja aliajiriwa na shirika la reli kama fundi wa kutunza njia ya treni, akiwa bado mwanagenzi katika muda wa mafunzo. Akagundulika ana ugonjwa wa moyo, akawekewa kifaa cha kusaidia mapigo. Kifaa hicho huathiriwa na nguvu za sumaku-umeme zilizopo kwenye reli, kwa hiyo kazi yake ya mwanzo haikuwezekana tena. Walimhamishia ghalani kwa muda, kisha wakamwachisha kazi, kwa hoja kwamba mwanagenzi hana haki ya kutafutiwa nafasi nyingine kama aliyethibitishwa. Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana. Hata aliye kwenye mafunzo baada ya kuajiriwa analindwa, na ikiwa ipo nafasi nyingine anayoiweza na mwajiri haelemewi kupita kiasi, apewe hiyo badala ya kuachishwa. Uamuzi huo haufungi mahakama za nje ya Ulaya. Lakini niliposoma hoja za lile shirika nilimsikia msimamizi wangu akiongea, na niliposoma jibu la majaji nilisimama nikazunguka chumba.

Yapo pia ambayo sheria haitakupa, na sitakudanganya. Marekebisho si msamaha wa kazi. Kama kiini cha kazi yenyewe hukiwezi hata baada ya kurekebishiwa, na hakuna nafasi nyingine, mwajiri anaweza kukuachisha kihalali. Malipo ya likizo ya ugonjwa nayo huwa na muda wa kungoja: Kenya ni baada ya miezi 2 mfululizo kazini, Ujerumani wiki 4, na Tanzania kwa kawaida likizo za malipo za kisheria zinamtaka mtu awe na miezi 6. Kwa hiyo soma mkataba wako, kwa maana kuna waajiri wanaotoa zaidi ya sheria, na wengi wetu tulisaini bila kufika ukurasa huo.

Niseme sasa kama ninavyomwambia ndugu yangu wa damu. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu umebembelezwa. Anayeacha kazi mwenyewe huenda akalazimika kuthibitisha baadaye kwamba alishinikizwa, na kuthibitisha sauti ya upole ya ofisini ni kazi ngumu. Kama wana sababu ya kukuachisha, waiandike wao na waisaini wao. Ukipewa karatasi ya kusaini, omba nakala, sema utaipeleka kwa mtu wa kukushauri, uondoke. Hakuna sheria inayokulazimisha kusaini ukiwa umekaa mbele ya meza yao unatetemeka.

Andika mapema, kabla hawajaandika wao. Barua ya kuomba marekebisho iliyotangulia barua ya kukuachisha ni ushahidi, ile inayokuja baada yake itaitwa kisingizio. Wakikwambia jambo kwa mdomo, rudi mezani kwako utume baruapepe fupi: "Kama tulivyozungumza leo, nimeelewa kwamba..." Nakala zote zitunze nje ya kompyuta ya ofisi, maana siku wakikufungia akaunti hutazipata. Na kama tatizo ni muda, kama dawa yako inahitaji wiki ambazo matazamio hayana, omba muda uongezwe badala ya kukatwa. Kenya sheria inaruhusu nyongeza ya hadi miezi 6 kwa ridhaa ya mfanyakazi. Mwajiri mwenye nia njema atalipokea ombi hilo kwa moyo mkunjufu, na asiye na nia njema atalikataa kwa maandishi utakayoyahitaji baadaye.

Na tafadhali, acheni kuwaambia wagonjwa wavumilie tu, wamwachie Mungu. Mungu niliomba, na barua niliandika.

Barua ya kuachishwa ikishafika, hesabu siku tangu tarehe hiyo hiyo. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Ujerumani, kupinga mahakamani kuachishwa kazi kuna wiki 3 tu. Kenya inatoa miaka 3, lakini mashahidi huhama na ujumbe wa simu hupotea. Nenda kwa chama cha wafanyakazi, kituo cha msaada wa kisheria au ofisi ya kazi, na uende na mkataba, cheti cha daktari, ombi lako la marekebisho na barua waliyokupa, vimepangwa kwa tarehe. Kama bado hujaomba marekebisho na bado uko kazini, liandike ombi usiku huu, ulitume kesho kabla ya saa za kazi kuanza.