Sare ya Kazini: Jua Kwanza Unamvisha Nani

Zawadi nilimtengeneza jioni nzima. Misuko mirefu inayofika kiunoni, shati la kijani, mabuti ya ngozi yaliyochakaa kidogo kwenye ncha. Nikampa kazi ya upishi katika The Sims 4, gemu ya kompyuta ambayo unatengeneza wahusika na kuendesha maisha yao, nikamwacha alale. Saa ya kazi ilipofika akatoka mlangoni akiwa mtu mwingine kabisa: sare imemkaa, kofia nyeupe kichwani, na misuko yangu imeishia pale pale kwenye ukingo wa kofia kana kwamba mtu kaipitishia mkasi. Niliumia. Mhusika aliyekaa nami jioni nzima kwenye kioo cha kumtengenezea alistahili kwenda kazini akiwa bado ni yeye. Tangu siku hiyo nimeshughulika na sare za kazi kuliko kitu kingine chochote kwenye gemu hii, na mengi nimeyajua kwa kuharibu na kuanza upya.

Wanaonifuata kuomba msaada huanza na swali la programu gani wapakue. Mimi huwauliza kwanza: unataka kumvisha nani? Mhusika wako mmoja, kila mwenye kazi ile, au unataka nguo yenyewe ibadilike popote inapovaliwa? Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina njia yake. Nimeona mtu akihangaika siku tatu na mafaili kwa jambo ambalo lingekwisha kwa amri mbili.

Kama ni mhusika mmoja tu, huhitaji modi, yaani faili la nyongeza linalobadilisha gemu. Ukiwa unamchezesha mhusika huyo, na awe tayari ana kazi, bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Kwenye kisanduku kinachofunguka andika testingcheats true, bonyeza Enter, kisha andika sims.modify_career_outfit_in_cas. Utapelekwa kwenye chumba cha mavazi na utakuta sare yake ya kazi mbele yako, ile ambayo kwa kawaida haionekani kati ya nguo za kila siku, za kulalia na za sherehe. Vua kofia, badilisha viatu, hifadhi. Hapo ndipo nilipopata misuko ya Zawadi tena.

Ila kuna jambo linalowaliza wengi. Akipanda cheo na ngazi mpya ikawa na sare yake, gemu humvisha upya na kazi yako inapotea. Kazi nyingi zina ngazi 10, kwa hiyo si jambo la mara moja. Ninachofanya mimi ni kuweka nakala ya vazi lile kwenye nguo zake za kila siku, kwa kuwa kila kundi linapokea hadi mavazi matano. Sare ikifutika, nafungua vazi lile, natazama ni suruali ipi na rangi ipi, narudia. Ni kazi ya dakika chache badala ya kukuna kichwa.

Njia ya pili, ya kubadilisha sare ya kila mwenye kazi ile, ndiyo inahitaji modi ya kweli. Kila ngazi ya kazi ina maelezo yake ndani ya gemu, yameandikwa kwa XML (muundo wa maandishi ambao kompyuta huusoma), na humo ndimo mlipo agizo la vazi. Programu ya Sims 4 Studio, ambayo ni ya bure, inakuwezesha kuyatoa maelezo hayo, kuyahariri na kuyafunga kwenye faili la package, aina ya faili ambayo gemu huisoma. Usisahau kwamba umbo la kike na la kiume huvishwa kila moja kwa nguo zake; ukirekebisha upande mmoja, nusu ya wafanyakazi watabaki na sare ya zamani. Na ujue unachobeba: modi ya namna hii hubeba nakala nzima ya maelezo ya ngazi ile. Sasisho la gemu likiyabadilisha, nakala yako ya zamani itaendelea kuyafunika mapya, na matatizo yatatokea mahali usipopatarajia, hata pasipohusu nguo. Kwa sababu hiyo mimi siigusi njia hii isipokuwa nina hakika nitaitunza baada ya kila sasisho. Kwa mtu anayeanza, ningemwambia aiache kwanza.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: kuishika nguo yenyewe, katika programu hiyo hiyo. Hapa amua mapema kama unatengeneza nguo mpya inayojitegemea au unaifunika ile ya asili. Ukiifunika, kila anayevaa nguo ile ataonekana na yako, hata mpita njia usiyemjua.

Niliwahi kutengeneza koti la daktari. Koti la asili lilikuwa na kitambulisho kifuani na vifungo vya chuma. Nilitaka liwe tupu, jeupe, na mshono wa bluu mfukoni. Nikafungua picha ya rangi, nikapaka nyeupe juu ya kitambulisho na vifungo, nikaingia kwenye gemu nikiwa na furaha. Kitambulisho hakipo. Lakini daktari alipogeuka dirishani, mwanga ukapiga kifuani na kitambulisho kikang'aa pale pale, mstatili mzima, pamoja na vifungo vyake. Nilidhani faili halijasoma. Kumbe nguo si picha moja. Kuna picha ya rangi, kuna ya mng'ao inayoamua wapi mwanga unateleza, na kuna ile ya miinuko inayofanya mfuko uonekane umetuna. Nilikuwa nimefuta rangi tu. Chuma kilikuwa bado kipo kwenye mng'ao. Ukiondoa kitu kwenye nguo, kiondoe kwenye picha zote hizo.

Kosa la pili la koti lile lilijitokeza niliposogeza kamera nyuma. Kwa karibu lilikuwa refu, la magoti. Kwa mbali likawa fupi, la kiunoni. Umbo la nguo huwa na matoleo kadhaa, lenye undani mwingi kwa karibu na mepesi kwa mbali, nami nilikuwa nimebadilisha lile la kwanza tu. Siku hizi kabla ya kumpa mtu kazi yangu, nasogeza kamera mpaka mhusika awe mdogo kama punje, halafu namrudisha polepole nikimtazama ukingo wa nguo.

Jambo jingine la Sims 4 Studio ni vile viboksi vinavyoruhusu nguo itumike kwa watu ambao gemu inawavisha yenyewe bila mpangilio. Ondoa alama hapo. La sivyo utakutana na mzee anayekimbia bustanini akiwa na koti lako la upasuaji.

Faili likiwa tayari, liweke kwenye folda ya Mods, iliyo ndani ya folda ya The Sims 4, nayo imo ndani ya folda ya Electronic Arts kwenye Documents, na uhakikishe mipangilio ya gemu inaruhusu modi, maana sasisho huizima. Kama hakuna kilichobadilika, funga gemu, futa localthumbcache.package, faili la kumbukumbu za muda lililo kwenye folda ile ile ya The Sims 4, fungua tena. Ikishindikana, toa nusu ya modi zako uone, kisha nusu ya nusu iliyobaki, mpaka uipate inayogombana na sare yako. Na kabla ya yote hayo nakili folda ya saves, yenye michezo uliyohifadhi, mahali pengine. Hili silijadili na mtu.

Zawadi sasa yuko ngazi ya 8. Kila akipanda cheo nasimamisha muda papo hapo, kabla hajafika kazini siku inayofuata, naandika zile amri mbili na kumvua kofia.