Mwanangu, wenye wasiwasi nao huwa madaktari

Mwanangu mpenzi,

Huku Tanga hatujambo. Baba yako anakohoa kidogo lakini shamba haliachi. Ujumbe wako niliusoma nikitoka zamu, nikaona si wa kujibiwa juu juu.

Unasema wewe na mwenzako wa chumbani mnasoma madesa yale yale, na wote mmeangukia famakolojia, hilo somo la dawa, mkapewa sapu ya kurudia mtihani. Yeye usiku ule alikula chipsi mayai akalala. Wewe usingizi ukakuruka, chakula hakipiti. Ukafanya na jaribio la tabia kwenye intaneti, likakwambia una wasiwasi uliopitiliza. Sasa unauliza kama hukuumbwa kwa kazi hii ya udaktari, uondoke mwenyewe kabla hujadisko, chuo kikuondoe kwa kufeli.

Usiondoke. Jaribio hilo halikukudanganya, ila limekwambia nusu ya habari. Wataalamu hupima tabia kwa mambo matano: wasiwasi, uchangamfu, umakini wa kazi, upole kwa watu, na udadisi wa mapya. Kila mtu anayo yote, huyu zaidi, yule kidogo. Kinachombana mtu ni jinsi yanavyochanganyika. Norwei waliwafuata wanafunzi wa udaktari wa nchi nzima kwa miaka 6, matokeo yakatoka 2007. Walioelemewa zaidi ni wenye wasiwasi mwingi na umakini mwingi kwa pamoja, tena wasio wachangamfu. Nilicheka niliposoma, maana ni wewe mtupu: unaogopa, unasoma mara mbili, kisha unajilaumu kwa ukurasa ulioruka. Waliopita kwa nafuu ni wachangamfu, wasio na wasiwasi, ambao hata umakini wao si mkubwa. Mwenzako huyo!

Lakini usimwonee wivu upesi. Ubelgiji nako waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari mwaka hadi mwaka, wakaona umakini unazidi kulipa kadiri masomo yanavyosonga mbele. Mimi sikuhitaji mzungu kuniambia hilo, nimekaa wadi ya wazazi.

Tulipata intani mmoja, daktari aliye kwenye mafunzo ya kazi, kalamu ilikuwa inamtetemeka mkononi. Mama mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kila saa 4, na kabla ya dozi unahesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika, unaangalia mkojo, unagonga goti uone mguu unaruka. Dawa ikizidi mwilini, goti hunyamaza kabla pumzi hazijakatika. Kijana akagonga, mguu ukacheza kidogo sana. Mwingine angesema inatosha. Yeye alifika kwenye toroli ya dawa, sindano keshaivuta, akaiweka chini akarudi kugonga tena, safari hii magoti yote mawili. Kimya. Dozi ikasimamishwa.

Sasa wasiwasi huo huo ulikuwa unamla akitoka zamu. Saa sita usiku anapiga simu wadini kuuliza dripu ya kitanda namba fulani. Sista wa zamu, mama mkali kweli kweli, akamzoesha kuandika kila analoliacha kwenye karatasi, amsomee anayempokea, kisha simu asiiguse mpaka asubuhi. Tabia yake haikubadilika. Alichojifunza ni mahali pa kuutua mzigo.

Hapo ndipo swali lako lilipo. Wanasaikolojia Lazarus na Folkman waliandika mwaka 1984 kwamba mtu akibanwa ana njia mbili: kulishughulikia tatizo lenyewe, au kuituliza nafsi yake. Sapu inashughulikiwa: mwone mwalimu, uliza ulipoangukia, tafuteni watu watatu wanne msome pamoja mkiulizana dawa kwa sauti. Kusubiri matokeo hakushughulikiki. Hapo ni kusali, kutembea, kula, kumpigia mtu simu. Wewe nakujua, unafanya kinyume: unayakokotoa matokeo ambayo hayajatoka, na mwalimu unamkwepa kwa aibu. Kisha unajifungia. Kujifungia na kujilaumu ndiko kunakoniogopesha, kuliko huo wasiwasi wenyewe.

Tena usidhani uko peke yako humo bwenini. Mwaka 2016 zilikusanywa tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi zaidi ya 40, ikaonekana zaidi ya robo yao wana dalili za sonona, ile huzuni nzito ya ugonjwa, na wengi wa hao hawajawahi kwenda kutibiwa. Madaktari watarajiwa! Wanaona haya kuwa wagonjwa mbele ya watu watakaofanya nao kazi.

Kwa hiyo usingizi ukikukataa wiki nzima, au likikujia wazo la kutotaka kuishi hata mara moja, usinifiche, na usingoje mtihani upite. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo, nami nipigie hata saa nane usiku. Kutibiwa kunasaidia. Mapitio ya tafiti 207 yaliyotoka 2017 yalionyesha kwamba watu wakipata tiba ya nafsi, hata tabia zao husogea, na wasiwasi ndio unaopungua kuliko vingine.

Najua bumu, hela yenu ya mkopo wa chuo, limechelewa. Nimekutumia hela kidogo, ni za kula, usinunulie kitabu. Niambie sapu ni tarehe ngapi, niombe kubadilishana zamu nije nikae kwa shangazi yako wiki hiyo. Na yule mwalimu wa famakolojia, umeshamwona?

Mama yako