Diwani mpya, anzia kwenye Yatokanayo

Kila baada ya uchaguzi madiwani wapya huja kwa karani na ombi lilelile: nifanyeje ili hoja yangu iingie kwenye ajenda? Wana ahadi za kampeni, simu haziishi kuita, na kikao cha kwanza kimekaribia. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa ile meza, nikiandaa makabrasha na kuandika kumbukumbu za halmashauri ya mji mdogo, na jibu langu huwa linawaudhi kidogo. Nawaambia hoja mpya isubiri. Chukua kwanza kumbukumbu za vikao vya mwaka uliopita, nenda nazo nyumbani, kaa usome ile sehemu ya Yatokanayo.

Yatokanayo huja mara tu baada ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Hapo ndipo watendaji hueleza maazimio yamefikia wapi. Kwa desturi mbaya ya vikao vingi, hupitishwa mbiombio: mwenyekiti anaita ukurasa wa tatu, kuna hoja? ukurasa wa nne? huku wajumbe wengine bado wanatafuta miwani. Ndani ya dakika chache imeshapita, na kinachofuata ni taarifa mpya, miradi mipya, mijadala mipya. Halafu watu wanashangaa kwa nini mtaro uleule unazungumziwa kila msimu wa mvua.

Ukweli ni kwamba mji mdogo haupungukiwi na maazimio. Mengi ya yale unayotaka kuyapigania yalishapitishwa na waliokutangulia, tena bila kupingwa. Yamelala tu kwenye faili. Kuliamsha azimio lililopo ni kazi nyepesi kuliko kupitisha jipya: huna haja ya kutafuta kura, huna haja ya kumshawishi mtu kwamba tatizo lipo, na mtendaji hawezi kukujibu kwamba baraza halijaamua. Unauliza tu utekelezaji. Na ukilifufua azimio la diwani aliyekushinda uchaguzi uliopita, au uliyemshinda wewe, mtaje jina. Haigharimu kitu, na utapata rafiki usiyemtarajia.

Utakapoanza kusoma utakutana na jedwali la utekelezaji wa maazimio. Kwa kawaida lina safu nne: namba ya azimio, azimio lenyewe, mhusika, na hatua iliyofikiwa. Macho yako yaende safu ya mwisho. Utaona maneno kama "limepokelewa", "linaendelea kufanyiwa kazi", "lipo kwenye mchakato". Nimeyaandika mwenyewe maneno hayo kwa mkono wangu, kwa sababu ndivyo idara zilivyoniletea, na nakwambia kwamba mara nyingi maana yake ni kuwa hakuna aliyeligusa. Usigombe. Uliza barua iliandikwa lini na kwenda kwa nani. Kama iliandikwa, italetwa. Kama haikuandikwa, itaandikwa wiki hiyohiyo, maana hakuna mkuu wa idara anayependa kuulizwa swali hilo mara mbili mbele ya baraza.

Safu ya kutazamwa baada ya hiyo ni ya mhusika. Ukikuta imeandikwa "halmashauri" au "wote", basi hakuna mhusika. Na hapa tatizo halipo kwa watendaji, lipo kwenu wajumbe, kwa jinsi mnavyotunga maazimio. Chukua mfano wa mtaro. Baraza linajadili kwa saa nzima, watu wanaeleza jinsi maji yanavyoingia sokoni, sauti zinapanda, kisha mwenyekiti anafunga mjadala na karani anabaki na sentensi hii: "Baraza liliazimia suala la mtaro wa soko lifuatiliwe kwa karibu." Afuatilie nani? Mpaka lini? Kwa fedha ipi? Sentensi hiyo haiwezi kutekelezwa hata na mtu mwenye nia njema.

Linganisha na hii: "Mhandisi wa mji awasilishe makadirio ya gharama za kuzibua na kukarabati mtaro wa soko mbele ya Kamati ya Ujenzi, kabla ya kikao kijacho cha Kamati ya Fedha." Mtu yupo, kazi ipo, mahali pa kuipeleka papo, na muda umewekwa. Ushauri wangu kwa diwani ni huu: kabla hujanyoosha mkono, andika kwenye karatasi azimio unalotaka litoke, neno kwa neno, na umpe karani nakala. Makarani wengi watakushukuru kimoyomoyo. Mjadala ukiisha, mwambie mwenyekiti, "Naomba azimio lisomwe kabla hatujaendelea." Hapo ndipo utagundua kwamba watu watano waliokuwa wakikubaliana kwa vichwa walikuwa wanakubaliana na mambo matano tofauti.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, kuna ugomvi wa kudumu kati ya makarani na madiwani. Diwani anataka mchango wake uonekane: "Mheshimiwa fulani alisisitiza", "Mheshimiwa fulani alimpongeza mchangiaji aliyetangulia". Namwelewa, wapiga kura wanauliza anasema nini huko. Lakini kumbukumbu za namna hiyo zinafika kurasa arobaini na hazisomwi na yeyote. Mwaka 1863, mhandisi wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Martyn Robert aliombwa kuongoza mkutano wa watu wa mji wa New Bedford, Massachusetts, na mkutano ukamshinda ukageuka vurugu. Aibu hiyo ikamfanya asome taratibu za mabunge kwa miaka, hadi mwaka 1876 alipochapisha kitabu cha kanuni za vikao ambacho mabaraza mengi ya miji Marekani yanakifuata hadi leo. Msimamo wake juu ya kumbukumbu hauna mzunguko: ziandike kilichofanyika, na zisijishughulishe na kilichosemwa. Kama baraza lenu limezoea kurefusha, angalau kila azimio lipewe namba na lisimame peke yake kwenye aya yake, lionekane bila kutafutwa. Kazi ya kutengeneza jedwali la Yatokanayo inakuwa ya dakika chache badala ya siku nzima.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo ahadi nyingi hufia. Mwaka wa fedha una tarehe zake na haukungoji. Hoja nzuri ikiletwa mwezi ambao bajeti imeshapitishwa, itapongezwa na kuahirishwa. Muulize mhazini wiki yako ya kwanza: idara zinaanza lini kuandaa makadirio, kamati zinayapitia lini, baraza linapitisha lini, na marekebisho ya katikati ya mwaka huruhusiwa wakati gani. Ziandike tarehe hizo ukutani. Halafu rudi nyuma miezi miwili au mitatu kabla ya makadirio kuanza, huo ndio muda wa kuzungumza na mkuu wa idara, akiwa bado hajaandika chochote. Akishaandika, unapigania kumnyang'anya mwenzako fungu lake.

Na kila unapoomba kitu kijengwe, uliza kitaendeshwa na nani. Watu wanapenda miradi yenye utepe wa kukata. Choo cha stendi kinajengwa mara moja, lakini maji yake yanalipiwa kila mwezi, mhudumu analipwa kila mwezi, tangi linanyonywa likijaa, na kitasa kitavunjika. Gharama hizo zinaingia kwenye matumizi ya kawaida, fungu ambalo hakuna anayelishangilia na ambalo ndilo la kwanza kukatwa mapato yakipungua. Taa za barabarani ni hivyohivyo. Nimeona majengo mazuri yakifungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyeweka mshahara wa mlinzi kwenye bajeti. Diwani anayeuliza swali hili kwenye kamati huonekana mkwamishaji kwa kikao kimoja au viwili, baadaye wanaanza kumtafuta wasome makadirio pamoja.

Wale wanaotaka kuwashirikisha wananchi kwenye bajeti hupenda kutaja Porto Alegre, Brazil, jiji lililoanza mwaka 1989 kuwaacha wakazi wapange vipaumbele vya miradi. Ni jiji kubwa, halifanani na mji wetu wowote mdogo. Ila kuna jambo moja kwenye utaratibu wao ambalo wanaoigiza hulisahau: mikutano ya mwanzo wa mzunguko ilianza kwa serikali ya jiji kutoa hesabu ya miradi ya mwaka uliotangulia, ipi imetekelezwa na ipi haijatekelezwa. Watu walisikia hayo kwanza, ndipo wakaulizwa wanataka nini. Yaani Yatokanayo, mbele ya umma. Ukiitisha mkutano wa eneo lako, usianze na karatasi tupu ya mapendekezo. Anza na orodha ya mwaka jana, hata kama inakuaibisha.

Kamati nitaipitia kwa kifupi: kazi inafanyika huko. Baraza kamili huwa linaidhinisha. Ukiingia kwenye baraza ukiwa na pingamizi ambalo hukulisema kwenye kamati, umechelewa, na wenzako watakuona unatafuta kamera. Kabrasha lisome siku linapofika. Maswali ya takwimu mpelekee mtendaji mapema kwa maandishi, aje na jibu. Kumshtukiza mbele ya watu kunakupa makofi, na jibu unalopata ni "nitalifuatilia", ambalo tumeshalizungumza hapo juu.

Mengineyo, kile kipengele cha mwisho kabla ya kufunga, si mahali pa jambo linalohitaji uamuzi. Kipo kwa matangazo. Wajanja huchomeka humo mambo mazito, wakati nusu ya wajumbe wameshaondoka na akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, inayumba. Likitokea, omba liingizwe kwenye ajenda ya kikao kijacho likiwa na taarifa ya maandishi. Huna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Kanuni za kudumu zisome hata kama zinachosha, hasa sehemu tatu: akidi, madaraka ya mwenyekiti, na namna ya kumtoa mtu kikaoni. Hiyo ya tatu watu huidharau hadi siku ya siku. Desemba 2020, kamati ya baraza dogo la Handforth, Uingereza, ilikutana kwa njia ya mtandao. Jackie Weaver, aliyeletwa kusaidia kuendesha kikao, alimwondoa mwenyekiti baada ya kuambiwa kwamba hana mamlaka hapo, na video ilipoenea Februari 2021 dunia nzima ilicheka. Uchunguzi uliofuata ulisema kwamba kwa mujibu wa kanuni kweli hakuwa na mamlaka ya kumtoa mtu, ingawa ulikiri kwamba hali aliyoikuta ilikuwa ngumu. Mimi upande wangu uko kwake, karani mwenzangu yule. Lakini kisa kile kinaonyesha jinsi kikao cha watu wazima kinavyoweza kusimama kwa sababu hakuna mwenye uhakika nani anaweza kufanya nini. Waliosoma kanuni wiki moja kabla hawafiki huko.

La mwisho ni maslahi binafsi, kwa sababu kwenye mji mdogo halikwepeki. Mkandarasi atakuwa shemeji yako, kiwanja kitapakana na cha mama mkwe, na mtoto wa jirani atakuwa ameomba kazi. Hakuna atakayekulaumu kwa kuwa na ndugu. Watakachokulaumu ni kukaa kimya. Utaratibu ni mwepesi: soma ajenda ukitafuta majina, na kabla kipengele hicho hakijafunguliwa, simama useme una maslahi na ni ya aina gani. Kisha toka nje ya ukumbi. Kuhamia kiti cha nyuma hakutoshi, maana ukiwa unawatazama wenzako wakijadili zabuni ya shemeji yako, mjadala unabadilika hata usipofungua mdomo. Mwombe karani aandike saa uliyotoka na saa uliyorudi, na kikao kijacho, kumbukumbu zikija kuthibitishwa, hakikisha saa zote mbili zimo.