Kabla hujaipaka rangi ramani ya wanyamapori

Ramani yangu ya kwanza ya eneo la Tarangire na Manyara ilitoka na utepe mwekundu mrefu. Nyekundu ilimaanisha "hapa palindwe kwanza". Siku ya pili ya kuitazama ndipo nilipogundua kwamba utepe ule unafuata barabara ya lami ya kwenda Babati. Nukta zangu zote, yaani mahali tembo na pundamilia walipoonekana, zilikusanywa na watu waliokuwa ndani ya gari, na kompyuta ikajifunza njia zetu za gari.

Kwa hiyo wewe unayeanza na QGIS, programu ya kuchora ramani, au MaxEnt, inayokisia mahali panapomfaa mnyama (zote ni bure), punguza nukta kwanza. Bakiza moja kwa kila mraba wa ramani, kisha shuka kwenye gari ukatafute kinyesi na nyayo mbali na barabara. Inachosha, lakini fanya.

Zingatia sana msimu. Kiangazi wanyama hujazana kando ya Mto Tarangire. Ukikusanya takwimu wakati huo tu, tambarare za Simanjiro, mashariki ya Hifadhi ya Tarangire, zitatoka kijivu kana kwamba hazina kitu. Mvua zikianza, nyumbu huondoka hifadhini wakazalie huko, kwa kuwa nyasi zake zina fosforasi anayoihitaji mama anayenyonyesha. Hifadhi ina kilomita za mraba zipatazo 2,850, na bado nyumbu huzalia nje ya mpaka wake! Vijiji kama Terrat vimekubali kutolima sehemu ya malisho yao kwa malipo ya kila mwaka kutoka kampuni za utalii. Naumia nikiona ramani ya msimu mmoja inapelekwa kwenye kikao cha mpango wa matumizi ya ardhi.

Halafu kuna Kwakuchinja, ushoroba, yaani njia ya wanyama, unaounganisha Tarangire na Manyara. Modeli yangu, yaani makisio ya kompyuta, ilisema umezibwa na mashamba. Nikaitandaza ramani chini mbele ya wenyeji, tukaikandamiza kwa mawe. Mzee mmoja wa Kimaasai aliizungusha kwanza, mpaka Mlima Losimingori wa kwenye karatasi ukaelekea ule wa kweli. Kisha akapitisha ukucha katikati ya mashamba mawili.

"Hapa wanapita usiku, mwanangu."

"Hata sasa, mzee?"

Akanipeleka. Lilikuwa korongo la upana wa hatua arobaini hivi, lina kinyesi kibichi cha tembo, na migunga ya ukingoni imebanduliwa magome. Mimi nilitumia miraba ya kilomita moja, na mraba wa namna hiyo hulimeza korongo zima. Nikarudia kazi kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, zenye miraba ya mita 10, na korongo likajitokeza.

Siku hizi rasimu yangu hupita kijijini kabla ya kufika wilayani, nami hubeba kalamu za wino ili wenyeji wachore juu yake. Nakala ya siku ile ninayo bado, na mstari wa mzee umekatiza pale nilipokuwa nimeandika "shamba".